Hakuna Aliyekufa, Nimekuja Kutembea

Mmeniuliza vya kutosha. Sokoni mnaniuliza, bombani mnaniuliza, hata mteja akileta suruali nimpunguzie kiuno lazima kwanza aegemee cherehani yangu aseme, "Hivi Mama Kalunde, kule Dar es Salaam ulifuata nini hasa?" Nimechoka kurudia maneno yale yale. Naandika mara moja, mpokezane, msomeane, halafu mniache nishone.

Sikufuata kitu. Nilikwenda kutembea. Nilikwenda kuona mji mkubwa wa nchi yangu, nikauona, nikarudi. Anayetaka jibu lingine ataishia hapa hapa.

Mpanda, mtaa wa Majengo, kabla ya kuondoka

Nyie mnajua Baba Kalunde alivyokuwa. Kila mavuno yakiisha alikuwa anasema, "Mke wangu, mwaka huu twende Dar tukaone ile sanamu ya Askari." Na kila mwaka tulikosa sababu. Hapa kwetu mtu hapandi treni hivi hivi. Anakwenda kwa sababu anaumwa, au amefiwa, au anafuata biashara. Sisi tulikuwa wazima, ndugu zetu wazima, na biashara yetu ilikuwa hapa hapa barazani. Tukangoja. Halafu ikaja homa moja tu, wala haikumaliza wiki, ikamchukua. Alikufa hajavuka Tabora.

Matanga yakaisha, mwaka ukapita, wa pili ukapita. Siku moja nikafunga kitambaa kichwani nikaenda kwa shemeji Ramadhani, kaka wa marehemu, nikamwambia kwa adabu kwamba nasafiri kwenda Dar.

"Nani anaumwa?" akauliza.

"Hakuna."

"Amefariki nani?"

"Hakuna, shemeji. Nakwenda kutembea."

Alinitazama kama nimemwambia nakwenda kuolewa. Akasema mjane wa kaka yake hawezi kuondoka Mpanda bila ugonjwa wala msiba, watu watasema ametoroka, na yeye ataweka wapi uso wake. Mwisho akatoa hukumu: nikipanda treni ile bila sababu, nyumba ataifunga kufuli, na nikirudi nitafute pa kulala. Kiwanja ni cha baba yao, hilo ni kweli. Lakini matofali ya nyumba ile nimeyasomba mimi na Baba Kalunde, mchana yeye, jioni mimi.

Baadhi yenu mlinishauri, tena kwa nia njema, "Sema mgongo unakusumbua. Mgongo hauonekani, nani atakupinga?" Nikakataa. Mgongo wangu ni mzima. Nikidanganya ili nikaone sanamu, na nikifika kule nitakuwa mgonjwa, na nikirudi nitakuwa mgonjwa, na mwakani nikitaka kwenda tena itabidi niumwe zaidi. Loh! Nitakufa kwa uongo wangu mwenyewe.

Mkaleta na mizigo. Huyu asali ya mwanawe, yule mchele wa dada yake, mwingine jogoo mzima anapiga kelele kwenye kapu. Wote niliwarudisha nayo. Najua mpaka leo wapo walionuna. Nuneni tu. Ningebeba ile mizigo, ningezunguka Dar nzima natafuta nyumba za watoto wenu, na mji ningeusikia redioni kama siku zote.

Mpanda hadi Tabora

Treni yetu mnaijua. Ilitakiwa iondoke asubuhi, ikatuacha tumekaa kwenye mabegi mpaka jua likatuchoka. Ilipoondoka ilikwenda kwa hiari yake, inasimama porini pasipo na kituo wala mtu, inapumua, inaendelea. Ugalla tukanunua samaki wa kukaangwa na asali kwenye chupa. Nikala samaki yule na vidole vyote, na hakuna aliyeniambia nibakize kichwa cha baba mwenye nyumba.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee mfanyabiashara wa dagaa kutoka Karema. Behewa zima lilimjua kwa harufu kabla halijamwona. Akaniuliza nakwenda kwa nani. Nikasema nitafikia kwa mdogo wangu Zuhura, mtoto wa mama mdogo, anakaa Magomeni, lakini sikumfuata yeye. Akauliza kama nafuatilia mafao ya marehemu. Nikasema hapana. Akafikiri kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni mambo ya mganga.

"Mzee wangu," nikamwambia, "nakwenda kuangalia majengo."

"Unataka kununua?"

Nikamwachia dagaa wake nikageukia dirishani.

Tabora hadi Dodoma

Tabora tukangoja tena, kisha akapanda Mama Minza. Mama wa Kisukuma, mnene, ana roho nzuri, amefunga vitenge viwili na amebeba kuku wa kuchoma wa kutosha behewa zima. Mzee wa dagaa akamnong'oneza. Nikamwona Mama Minza anashika shavu.

Kuanzia hapo mambo yakabadilika. Nikapewa kiti cha dirishani. Nikapewa paja la kuku, tena lile nene. Nikitaka kusuuza kikombe changu, mtu ananinyang'anya anakisuuza yeye. Wakiongea na kucheka, mmoja ananitupia jicho, wote wananyamaza. Nikajiambia, kumbe watu wa treni wana heshima hivi?

Mbele ya Itigi tukasimama. Behewa la mizigo lilikuwa limeacha reli huko mbele, tukaambiwa tusubiri waliondoe. Tulikaa pale mpaka chakula cha mabegi kikaisha na watu wa kijiji wakatuletea mahindi ya kuchemsha na viazi. Nikashuka kunyoosha miguu. Nikiwa upande wa pili wa behewa nikamsikia Mama Minza dirishani anamwambia mwenzake:

"Maskini, hajaambiwa."

Mnaelewa alichomaanisha. Sisi mtu akifiwa hatumwambii akiwa mbali. Tunamwambia mama anaumwa kidogo, njoo umwone. Anasafiri, wanaojua wanamzunguka, wanamlisha, na anapofika akaona mkeka uani ndipo anapiga ukelele. Sasa behewa zima lilikuwa limekubaliana kwamba mimi ni mfiwa. Mwanamke mzima, mjane, anakwenda Dar na hajui anafuata nini! Ni nini kingine kama siyo msiba aliofichwa?

Nikapanda juu nikasimama katikati yao. "Jamani, nimesikia. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyeniita. Nimejituma mwenyewe!"

Mama Minza akaanza kulia. "Mayu wee," akasema kwa Kisukuma chake, "hata mimi waliponipeleka kumzika baba nilikuwa nasema hivyo hivyo."

Sasa nisiwafiche. Niliogopa. Nilikaa pale na paja la kuku mkononi nikaanza kuwahesabu watu wangu. Kalunde, binti yangu, yuko Sumbawanga na mimba. Zuhura? Mama mdogo? Labda Ramadhani alikuwa anajua kitu, ndiyo maana akakasirika vile? Nikafikiria kushuka na kurudi kwa treni itakayokuja. Halafu hasira zikanishika. Hivi mwanamke akiwa na furaha yake mwenyewe lazima tumtafutie maiti? Nikalimaliza lile paja, nikaomba na jingine.

Dodoma hadi Dar es Salaam

Dodoma tulishafundishwa zamani kwamba ndiyo makao makuu. Nikatoa kichwa chote nje kuyatafuta. Nikaona watu wanauza zabibu. Nikanunua zabibu.

Morogoro Mama Minza akashuka. Akanikumbatia muda mrefu, machozi yananilowanisha bega, kisha akafungua mmoja wa vile vitenge vyake, cheusi cheusi, akanipa. "Utakihitaji ukifika." Nikakataa katakata. Akakiacha kwenye kiti akaondoka, na treni ikaondoka, ikawa sina la kufanya. Kitenge kizuri, bwana. Nimekishonea mto.

Magomeni

Nilikuwa nimemtumia Zuhura telegramu fupi, NAKUJA, na jina langu. Nilidhani nimefanya ustaarabu. Sikukumbuka kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupokea telegramu isiyokuwa ya kifo.

Nikafika pale saa za mchana, nimechoka, nimejaa vumbi la nchi nzima. Uani kuna mkeka. Wanaume wamekaa na kofia zao, wanawake ndani, na jikoni kuna sufuria kubwa. Nikasema basi, Mama Minza alikuwa anajua, nimefiwa kweli!

Lakini hakuna aliyelia. Zuhura akanipokea begi bila neno, akanipelekea maji ya kuoga. Nikaoga. Nikaletewa wali na samaki. Wote wamekaa wananitazama nakula. Nikala polepole nikiwangojea waniambie. Na wao, kumbe, walikuwa wananingojea mimi niwaambie! Kwao mimi ndiye mleta habari. Mwenye habari ya msiba haulizwi, anaogeshwa, analishwa, anaachwa apumue, aseme mwenyewe.

Nilipoosha mikono, mume wa Zuhura, Baba Shabani, mtu wa bandarini, mpole sana, akakohoa. "Haya shemeji. Tumekaa. Tueleze."

"Niwaeleze nini? Nielezeni nyie."

"Sisi tuko tayari. Mungu ndiye mpangaji."

"Shemeji, mimi nimekuja kutembea."

Kisha Zuhura akajitupa chini. "Ni mama! Ni mama yangu! Dada anashindwa kusema!"

Mwee! Nyumba ikalipuka. Majirani wakaja mbio na kanga viunoni. Watoto wanalia, wazee wanasema pole, pole. Nikapanda juu ya kigoda nikapiga kelele kuwashinda wote: "Mama yako yuko Kakese anaanika mpunga! Nimemwacha anagombana na bata! Hakuna aliyekufa!"

Waliniamini nusu. Baba Shabani akaenda posta kutafuta simu ya Mpanda, asiipate. Kesho yake akaenda tena. Wakati huo mimi sitoki, nimewekwa ndani kama mwali. Nikisema naenda mjini naambiwa ngoja kwanza, tupate uhakika. Siku zangu zinaliwa na msiba usio na marehemu.

Nikamweleza Baba Shabani habari ya Ramadhani na kufuli, ili ajue kwamba ile safari nimeilipia kwa nyumba yangu. Akasikitika kwa dhati. Akasema, "Hilo dogo, shemeji. Nina rafiki zahanati, atakuandikia kwamba una presha. Ukirudi unawaonyesha, nyumba yako, kwisha."

"Presha ninayo sasa hivi," nikamwambia, "na mmeniletea nyie. Siandikiwi kitu."

Mjini

Asubuhi iliyofuata nikavaa gauni langu la bluu nikatoka. Zuhura akanikimbilia na kandambili. Nikafurahi, nikajua mdogo wangu anataka kunitembeza. Kumbe anadhani nimetafuta pa faragha nimwambie lile jambo mbali na watoto.

Tukaanza na sanamu ya Askari. Ipo pale katikati ya mzunguko, magari yanaizunguka, yeye ameinama na bunduki yake na singe, kama anaingia vitani na hakuna anayemjali. Baba Kalunde alikuwa anasema ni mrefu kama mti. Siyo kweli. Ni mtu tu, amewekwa juu ya jiwe. Nikasimama nikamwambia marehemu moyoni, umeona, mume wangu, ulikosea. Na hapo machozi yakanitoka, siyaonei aibu.

Zuhura akanishika mikono yangu yote miwili. "Sasa sema, dada. Niko tayari."

"Nalia kwa sababu ni mfupi!"

Hakuamini. Tukaenda bustani ya Mnazi Mmoja tukauona mnara wa Mwenge, akanitazama mdomoni. Tukapita Kariakoo, nikanunua vifungo na uzi wa rangi ambazo huku hazifiki, akanitazama mdomoni. Nikikohoa tu, anashika ukuta.

Tukaingia Makumbusho. Zuhura ameishi Dar tangu aolewe, amepita nje ya jengo lile mara zisizo na idadi, hajawahi kuingia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Niingie kufanya nini? Sina mtu mle." Tukaona vyungu, mikuki, viti vya machifu, gari la zamani la wakubwa. Kisha tukafika kwenye fuvu. Lile fuvu la kale lililochimbwa Olduvai, lina meno makubwa kama ya mtu anayetafuna mawe. Zuhura akasimama mbele yake, akashika kifua, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nakuomba kwa jina la Mungu. Amekufa nani?"

Nikamwonyesha kwenye kioo. "Huyu. Zamani sana. Pole."

Akalitazama fuvu. Akanitazama mimi. Nikaona midomo yake inaanza kucheza, kisha akaangua kicheko mpaka mlinzi akatufuata. Alicheka akakaa chini. Alicheka akalia, na safari hii kilio chenyewe kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo. "Kwa hiyo umekuja tu," akawa anasema. "Umekuja tu, dada yangu!"

"Nimekuja tu."

Kuanzia pale akawa ndiye anayenivuta. Magogoni tukala samaki wa kukaangwa na muhogo tumesimama. Tukapanda kivuko kwenda Kigamboni na kurudi bila kushuka, mkata tiketi akadhani tumepotea. Siku iliyofuata tukaenda Oysterbay kuona majumba ya matajiri. Ukuta, maua, ukuta, mbwa. Mlinzi mmoja akatoka getini. "Akina mama, mnamtafuta nani hapa?"

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Zuhura akaniwahi.

"Hatumtafuti mtu. Tunatembea. Kwani barabara ni ya tajiri wako?"

Yule mlinzi akaona aibu, akatutolea benchi tukae kivulini.

Kurudi Mpanda

Kurudi kulikuwa kama kwenda, vumbi na kungoja, ila hakuna aliyenilisha kuku. Nikafika nyumbani nikakuta kufuli mlangoni, jipya, linang'aa. Cherehani yangu ndani. Kuku wangu wananizunguka miguuni.

Kesho yake kikao, barazani kwa Ramadhani. Wazee wa ukoo wamekaa, mke wake, Mama Hamisi, anazunguka na birika la chai. Huyu mama tangu niolewe sijamsikia akisema neno mbele ya wanaume. Nikakaa chini kwa heshima, sikuja na matusi.

Ramadhani akaanza taratibu. "Shemeji, umerudi salama, tunashukuru. Sisi tunajua ulikwenda kutibiwa. Wazee wanasikia. Wewe sema tu ndiyo, nikupe ufunguo, yaishe."

Nikamtazama. Jasho lilikuwa linamtoka. Siyo mtu mbaya, Ramadhani. Alikuwa amechekwa mtaani muda wote huo, na alikuwa ananiomba nimwokoe. Ufunguo ulikuwa unaonekana kwenye mfuko wa shati lake. Neno moja tu. Na nilikuwa nimelala usiku mmoja kwa jirani, nikajua mto wa nyumba ya mtu ulivyo.

"Sikuumwa, shemeji," nikasema. "Nilikwenda kutembea. Kaka yako alitaka twende wote. Alingoja apate sababu, akangoja, mkamzika anangoja. Mimi sikungoja. Nimeiona ile sanamu, nimeona bahari, nimekula samaki nimesimama. Nilikuwa mzima siku zote na nilifurahi. Na ile nyumba mnajua wote nani kasomba matofali yake. Kufuli nitalivunja mchana kweupe, na shoka, mje mtazame. Mavuno yajayo nakwenda Kigoma, na huko pia sina mgonjwa. Anayetaka kwenda na mimi afunge mzigo."

Hakuna aliyekunywa chai. Mzee mmoja akaanza kusema kwamba wanawake wa siku hizi, akaishia hapo. Ramadhani akafungua mdomo.

"Mimi," sauti ikasikika nyuma yake.

Akageuka. Mama Hamisi alikuwa ameweka birika chini.

"Wewe nini?"

"Mimi nakwenda naye Kigoma."

Ramadhani akamwita mkewe kwa jina lake la usichana, ambalo wengine wetu hatukuwa tunalijua. Mama Hamisi akaja mbele ya wazee wote, mikono ina majani ya chai, akaingiza vidole viwili kwenye mfuko wa shati la mume wake, akatoa ufunguo, akaniwekea kiganjani. Kisha akachukua birika lake akaendelea kumimina.

Nikaaga, nikaenda kufungua mlango wangu.